Wasomi wakizozana kwenye televisheni: jibu kwa mwalimu wa Newala

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Newala na nasimamia klabu ya midahalo. Juzi mwanafunzi wa kidato cha nne alikuja na kipande cha video cha zamani: wasomi wawili wa Kimarekani, Buckley na Vidal, wanatukanana mbele ya kamera mwaka 1968. Aliyekirusha ameandika kwamba siku hiyo ndiyo siasa za televisheni zilipoharibika. Wanafunzi walikifurahia kuliko mdahalo wangu wowote. Nimepanga kuandaa mdahalo wa wazi wa watu wazima, urekodiwe na kurushwa, lakini mkuu wangu wa shule anaogopa. Anakumbuka fujo za gesi za Mtwara mwaka 2013. Je, wasomi wakipambanishwa hadharani wanaharibu mazungumzo ya watu au wanayajenga?"

Marahaba, mwanangu. Hofu ya mkuu wako ndiyo nzito kuliko yote uliyoandika, na nitaifikia. Naanza na Wamarekani wako kwanza, maana kipande hicho kimewadanganya wengi kabla yenu.

Mwaka 1968 Marekani ilikuwa na mitandao mitatu mikubwa ya televisheni: CBS, NBC na ABC. Huyu wa tatu ndiye aliyekuwa mkiani, kwa watazamaji na kwa fedha. Vyama viwili vikubwa vilikuwa vinafanya mikutano yao ya kuteua wagombea urais, na wale wawili wenye nguvu walirusha mikutano hiyo tangu kufunguliwa hadi kufungwa. ABC haikuwa na ubavu huo. Ikaamua kurusha dakika 90 tu kila usiku, na humo ndani ikawaweka watu wawili wasioweza hata kusalimiana vizuri. Mmoja ni William F. Buckley, mhafidhina, aliyeanzisha jarida la National Review mwaka 1955. Wa pili ni Gore Vidal, mwandishi wa riwaya wa mrengo wa kushoto. Walikutana mara kumi, kwanza Miami Beach kwenye mkutano wa Republican, kisha Chicago kwa Democratic, na mwongozaji akiwa mtangazaji Howard K. Smith.

Kwa hiyo hadithi yote inaanzia kwenye pochi. Viti viwili na watu wawili wanaochukiana ni bei poa kuliko kutawanya waandishi na kamera ukumbi mzima. Hilo lishike, tutalihitaji mbele.

Usiku wa 28 Agosti, huko nje mitaani na kwenye bustani za Chicago, polisi walikuwa wanawapiga virungu vijana waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam. Ndani ya studio hawa wawili wanabishana juu ya vijana haohao. Vidal akamwita mwenzake Nazi wa kificho, yaani mfuasi wa Hitler aliyejificha. Buckley, ambaye alikuwa ametumikia jeshi la nchi yake wakati wa vita na Wanazi, akamrushia tusi la kumdhalilisha kwa maisha yake ya faragha na kutishia kumtandika ngumi ya uso. Yote moja kwa moja, nchi nzima inatazama. Mwaka uliofuata kila mmoja aliandika makala ndefu ya kumkandia mwenzake katika jarida la Esquire, wakafikishana mahakamani, na kesi hazikuisha mpaka 1972.

Kipande chako kinaishia kwenye tishio la ngumi. Waliozitazama zile jioni nyingine tisa watakuambia jambo lisilopendeza pande zote: nazo hazikuwa na hekima nyingi. Wote wawili walikuja na vijembe vilivyotayarishwa nyumbani, na mara nyingi mambo ya nchi yaliachwa pembeni wakachambuana wao kwa wao. Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi wako kwamba palikuwa na enzi ya dhahabu, ikavunjika kwa sentensi mbili. Lakini pia usiwaambie kwamba Buckley alikuwa mtu asiyeweza kubishana. Nakuomba uwatafutie picha mbili nyingine za mtu yuleyule.

Ya kwanza ni ya 18 Februari 1965, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Hoja ilikuwa moja na ilijulikana mapema: kwamba ndoto ya Marekani imejengwa kwa gharama ya Mmarekani mweusi. James Baldwin aliunga mkono, Buckley akapinga. Kila mmoja alisimama akasema hadi mwisho, kamera za BBC zikiwepo, kisha ukumbi ukapiga kura: 544 kwa Baldwin, 164 kwa Buckley. Alishindwa vibaya sana, na hakumpiga mtu ngumi.

Ya pili ni ya 1969, miezi michache tu baada ya Chicago. Buckley alikuwa na kipindi chake mwenyewe, Firing Line, kilichoanza 1966 na kudumu hadi 1999. Akamwalika Noam Chomsky, mpinzani mkali wa vita vya Vietnam. Chomsky alipogusia kwamba huenda akapandwa na hasira, Buckley akamtania kwamba akithubutu atampasua uso. Ukumbi ukacheka, maana kila mtu alijua anajicheka mwenyewe. Kisha wakakaa muda mrefu wakihojiana juu ya nini hasa hufanya taifa kubwa liingie vitani kwenye nchi ndogo. Chomsky alimbana. Ukikitazama leo bado unajifunza.

Mtu ni yuleyule, na hasira ni ileile. Kilichobadilika ni meza waliyokalia. Cambridge walikuwa na hoja yenye maneno maalumu na kura mwishoni. Kwa Chomsky walikuwa na muda mrefu wa kuhojiana. Chicago hawakuwa na hoja yoyote. Walipewa dakika zao na kuambiwa, kwa lugha ya kibiashara, "anzeni".

Hapo ndipo nilipo mimi katika swali lako, nikisema mapema ili usinitafute mwishoni: mdahalo unaharibiwa na utaratibu unaoilipa hasira kuliko jibu. Wasomi ni watu. Wakilipwa kwa kupigana, watapigana.

Na walilipwa. ABC ilipata watazamaji, wengine wakaona. Miaka ya 1970 CBS ikawa na kona ya wawili kubishana ndani ya kipindi chake cha habari, 60 Minutes. Mwaka 1982 CNN ikaanzisha Crossfire, kulia dhidi ya kushoto kila jioni, mpaka Oktoba 2004 mchekeshaji Jon Stewart alipoalikwa humo na kuwaambia watangazaji usoni kwamba wanaiumiza nchi. Januari iliyofuata CNN ikatangaza kukifunga kipindi. Mtindo wenyewe haukufungwa, ulihamia kwingine, na sasa umo kwenye simu ya mwanafunzi wako.

Sasa, je, vipindi hivi vinabadilisha watu? Hapa tuwe waangalifu, maana ndipo maneno ya vijiweni yanapozidi ushahidi. Utasikia kwamba mwaka 1960, kwenye mdahalo wa wagombea urais wa Marekani, waliomsikiliza Nixon redioni walimwona mshindi, na waliomtazama kwenye televisheni wakampa Kennedy. Hadithi tamu. Imesimama kwenye kura ya maoni moja yenye wasikilizaji wachache wa redio, na watafiti wengi hawaiegemei tena. Nami niliifundisha kwa miaka bila kuikagua, Mungu anisamehe.

Chenye msingi imara ni hiki. Mwaka uleule wa 1968, katika mji mdogo wa Chapel Hill, North Carolina, Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao hawakuwa wameamua, wakalinganisha waliyoyaona muhimu na yale yaliyotangazwa zaidi. Yalifanana mno. Vyombo vya habari havikufaulu sana kuwaambia watu wamchague nani, ila vilifaulu kuwapangia wazungumze nini. Kwa lugha ya kwetu: mdahalo haukuhamishi ukumbi, unakuchagulia ngoma.

Na namna ya kucheza je? Mwaka 2005 Diana Mutz na Byron Reeves walitoa utafiti mzuri sana. Walichukua waigizaji, wakawafanya wagombea kwenye kipindi cha televisheni, wakarekodi mara mbili. Hoja zilikuwa zilezile. Mara ya kwanza kwa adabu. Mara ya pili wanakatishana maneno, wanaguna, wanageuza macho. Waliotazama ya pili walitoka na imani ndogo zaidi kwa wanasiasa na kwa Bunge lao. Lakini walisema imewaburudisha zaidi. Kazi nyingine za Mutz zinaonyesha kwamba kamera ikisogezwa karibu na uso huku mtu anafoka, mtazamaji anaikumbuka hoja ya asiyempenda lakini anaiona haina hata haki ya kuwepo. Fikiria hilo: anaikumbuka ili aidharau. Kwa hiyo furaha ya wanafunzi wako haikuwa ujinga. Ndivyo tulivyoumbwa, na wenye vituo wanajua.

Upande wa pili wa mizani uko Afrika hukuhuku. Sierra Leone, uchaguzi wa 2012, watafiti walirekodi wagombea ubunge wakijibizana kwa utaratibu, kisha wakazunguka vijijini na projekta wakawaonyesha watu usiku kwenye viwanja vya wazi. Wewe ungeita kibanda umiza bila kiingilio. Walioona walijua zaidi sera na wagombea, kura zikasogea kwa waliofanya vizuri, na waliokuja kushinda baada ya kupita kwenye midahalo hiyo walitumia fedha nyingi zaidi za maendeleo majimboni mwao. Ahadi iliyorekodiwa mbele ya mpinzani ni ngumu kuimeza.

Sasa njoo kwetu, maana ugonjwa wa Marekani na wetu ni tofauti, na dawa ya mmoja inaweza kumuua mwingine. Wao wana kelele za wapinzani wanaokutana kila siku. Sisi shida yetu ni kwamba hawakutani.

Televisheni Tanzania Bara ni ya juzi. Zanzibar walikuwa nayo, ya rangi, tangu miaka ya 1970. Huku Bara ITV ilianza 1994. Mwaka mmoja baadaye, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, mhariri wa magazeti kabla ya kuwa mwanasiasa, alikaa meza moja na wapinzani wake akajibizana nao, akiwemo Profesa Ibrahim Lipumba, mchumi. Sisi wa Kusini wengi mdahalo huo tuliusoma tu, tena kwa kuchelewa, maana Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, na kabla yake mvua ikinyesha gazeti lilikuwa linafika likiwa historia. Lakini nakumbuka mabishano ya kwenye bao yalivyobadilika kwa wiki kadhaa. Watu walianza kuulizana "Lipumba alimjibu nini?" badala ya "Lipumba ni nani?" Tukadhani ndiyo mwanzo. Mwaka 2015, katika uchaguzi uliokuwa mkali kuliko yote, John Magufuli na Edward Lowassa hawakukaa meza moja hata mara moja.

Kuna siku nyingine ambayo mkuu wako angeweza kuitaja. Tarehe 2 Novemba 2014, Ubungo Plaza, Dar es Salaam, mdahalo wa Katiba Inayopendekezwa. Mzee Joseph Warioba, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, alikuwa anazungumza, vurugu zikalipuka ukumbini, viti vikaruka. Yaliyosemwa kabla ya hapo kuhusu Katiba ni mengi na ya maana. Muulize mtu leo anakumbuka nini. Atakuambia viti.

Na ya gesi. Mkuu wako ana haki ya kuogopa, mimi nilikuwepo. Tarehe 22 Mei 2013 mji wa Mtwara ulikuwa unangoja hotuba ya bajeti ya Nishati na Madini kutoka Dodoma. Tangu mwishoni mwa 2012 watu walikuwa wameandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Hotuba ikathibitisha kwamba bomba lipo palepale. Kilichofuata unakijua: mali ziliteketea, watu wakaumia, wanajeshi wakaingia mitaani. Wapo wanaosema televisheni ndiyo iliyowasha moto. Mimi nauliza walikuwa wanatazama nini. Hotuba. Profesa Sospeter Muhongo, waziri wa wakati huo, ni mjiolojia wa kweli, na alikuwa na hoja: gesi ni ya taifa, mitambo ya umeme wa gesi iko Dar es Salaam. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja zake: viwanda vijengwe huku, ajira zibaki huku. Mimi sikumbuki hata siku moja ambapo pande hizi mbili zilikalishwa kwa saa nzima, mtu aliyebobea kwa mtu aliyebobea, mbele ya kamera ambayo Msimbati na Mikindani wanaiona. Tulikuwa na mimbari upande mmoja na vipeperushi upande wa pili. Sisemi mdahalo ungezuia fujo. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Nasema yaliyotokea hayawezi kuwa ushahidi dhidi ya kitu ambacho hakikufanyika.

Halafu Januari 2016 Nape Nnauye, wakati huo waziri wa habari na mbunge wa Mtama hapo Lindi, akatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Yangeandaliwa marejeo ya usiku. Unaona pochi inarudi? Ndiyo ileile ya ABC: badala ya mkutano mzima, upewe kipande kilichochaguliwa.

Kipande ndicho kinachonitisha kuliko mjadala. Wewe mtu wa Newala huhitaji kufundishwa kangomba, yule mlanguzi wa korosho. Anakuja kabla korosho haijafika mnadani, mkulima ana shida ya ada ya mtoto, anapima kwa kopo lake, analipa bei yake, anaondoka. Mkata klipu ni kangomba wa maneno. Hakusubiri hoja ikauke; alipima sekunde kumi na tano alizozitaka, akazipeleka WhatsApp, na mwenye hoja akabaki na gunia tupu.

Yamenikuta. Miaka hiyo mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa risiti na mazao yanauzwa mnadani, ukiwa bado mchanga kwenye korosho, niliombwa kuongoza mdahalo kwenye redio moja ya huku. Kulikuwa na mchumi kijana na mzee wa ushirika. Saa nzima ilikuwa ya maana: makato, malipo ya pili, nani anabeba hasara bei ikianguka. Dakika ya hamsini na kitu, nikiona simu za wasikilizaji zimepungua, nikamchokoza mchumi: "Kwa hiyo wazee wa ushirika ni wezi?" Mimi ndiye niliyesema neno hilo. Akajibu kwa sentensi ndefu, ndani yake ikiwa na "wengine, ndiyo". Kesho yake soko zima lilikuwa na maneno mawili tu. Yule mzee hakurudi tena studioni, na kijana alitembea kwa kuogopa kwa muda. Nilitafuta kiki, nikaipata. Kwa hiyo ninapomsema yule bwana wa ABC najua ninachokisema.

Nadhani sisi tulikuwa na kitu ambacho Buckley na Vidal hawakuwa nacho, nacho ni utani. Mtani wako anakuja msibani anakutukania marehemu, anajilaza kaburini, anadai pesa, na hakuna anayekwenda mahakamani. Si kwa sababu maneno ni laini. Ni makali kuliko ya Vidal. Lakini mipaka inajulikana, zamu yako ya kujibu ipo, na mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kuchimba. Hata malumbano ya washairi yalikuwa na sheria zake: ukijibu, jibu kwa bahari, yaani aina ya shairi, na vina vya mwenzako. Yaani lazima uingie ndani ya nyumba yake kwanza kabla ya kuipinga. Sheria ngumu, na nzuri kuliko nyingi nilizozisoma vitabuni.

Kwa hiyo fanya mdahalo wako, mwanangu, ila usianze na gesi. Anza na stakabadhi ghalani, ambako kila mtu ukumbini ana risiti yake mfukoni na hadanganyiki kirahisi. Iandike hoja kwa maneno yanayoweza kupigiwa kura, mathalani kwamba mfumo huu umemnufaisha mkulima mdogo kuliko soko huria la zamani, na uwape wasemaji wiki mbili kabla. Piga kura mlangoni watu wakiingia, na tena wakitoka, kisha utangaze ni wangapi wamehama. Hiyo namba itawashangaza kuliko tusi lolote, hata ikiwa ndogo.

Kila msemaji, kabla ya kujibu, aseme hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ndiyo hiyo. Mara ya kwanza watalalamika. Ukumbi utacheka. Waache.

Mwongozaji awe anaijua korosho. Mtangazaji mwenye sauti nzuri asiyejua tofauti ya daraja la kwanza na la pili atakimbilia ugomvi, kwa kuwa ugomvi ndio pekee anaouelewa. Mimi nilijua korosho na bado nilikimbilia. Kamera iweke nyuma, iwaonyeshe wote wawili kwa pamoja. Usimruhusu kijana wa video kuvuta uso wa mtu akikasirika. Na kuhusu kurusha: rusha mdahalo mzima kwanza, siku hiyohiyo. Klipu zikatwe na klabu yako baadaye, na kila klipu iwe na swali na jibu la pande zote mbili, hata kama itakuwa ya dakika nne na watu wataipita. Wengine watakata za kwao, hilo huwezi kulizuia. Lakini atakayetaka kujua nini kilisemwa kweli atakuwa na mahali pa kwenda.

Mkuu wa shule mwambie aje akae mbele kabisa, yeye ndiye awe mshika saa. Saa iwe kubwa, ya ukutani, watu wote waione. Mkipata siku, nijulishe. Nauli ya kupanda Newala nitajilipia, nami nitakaa nyuma nisipewe kipaza sauti.